Mwakinyo: Rekodi ya bondia haisomwi kwa namba peke yake

MAJINA yanayoanza na 'Mwa' yamejaa Kyela na Rungwe kama minazi ilivyojaa Tanga. Ndiyo maana si ajabu kwa mkazi wa Ipinda, Matema au Kasumulu, anapolikuta gazetini jina la bondia Hassan Mwakinyo, kudhani kwamba kijana huyo ni wa nyumbani. Siye. Majina ya namna hiyo yapo pia mwambao wa Bahari ya Hindi, na Mwakinyo ni mtoto wa Tanga, mji uliompa maisha, mazoezi na mapambano yake ya awali.

Hata hivyo, Kyela ina sehemu yake ndogo katika simulizi hii. Siku Mwakinyo alipoishangaza dunia ya masumbwi nchini Uingereza, Septemba 2018, Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, Mbunge wa Kyela wakati huo. Katika kipindi hicho ndipo serikali ilipohimiza ngumi za kulipwa ziondokane na utitiri wa vyama na kusimamiwa na chombo kimoja, ambacho leo kinajulikana kama Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania (TPBRC).

Makala haya yanafuatilia rekodi ya bondia huyo tangu alipoanza ngumi za kulipwa mwaka 2015 hadi Januari 2024. Katika miaka hiyo tisa aliitwa shujaa, akaitwa mwoga, akavikwa mikanda na akafungiwa. Mapambano yake makubwa, yakipangwa moja baada ya jingine, yanaonyesha jambo ambalo mashabiki wengi hulisahau: tarakimu za ushindi na kushindwa hazimwelezi bondia mpaka ijulikane alipigana na nani, wapi, na katika hali gani.

Mwanzo wa safari

Mwakinyo, ambaye mashabiki humwita 'Champez', alizaliwa mwaka 1995. Aliingia ngumi za kulipwa akiwa na miaka 20, wakati ambapo mchezo huo nchini ulikuwa ukimtazama zaidi Francis Cheka wa Morogoro. Cheka alikuwa ametwaa mkanda wa dunia wa WBF Agosti 30, 2013 kwa kumshinda Mmarekani Phil Williams katika Ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam.

Nyuma ya Cheka kulikuwa na orodha ndefu. Titus Simba aliiletea Tanzania medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1970 mjini Edinburgh. Michael Yombayomba alileta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Rashid Matumla, maarufu kama 'Snake Man', alivaa mkanda wa dunia wa WBU. Kwa hiyo Mwakinyo hakuanza katika nchi isiyojua masumbwi, bali katika nchi ambayo mabondia wake wengi hawakuwa wakijulikana nje ya Afrika Mashariki.

Miaka yake mitatu ya kwanza ilifanana na ya vijana wengine. Alishinda mapambano mengi ya nyumbani, mengi kati ya hayo yakimalizika kabla ya raundi za mwisho. Alipoteza mara mbili kabla ya mwaka 2018, na mojawapo ilikuwa nchini Urusi, Desemba 2017, aliposhindwa kwa pointi na Lendrush Akopian. Safari ya Urusi haikuandikwa sana, lakini ilimpa kitu ambacho mabondia wengi wa Tanzania hukikosa, yaani uzoefu wa kupigana ugenini, mbele ya majaji wasiomjua na watazamaji wasiomtaka.

Usiku wa Birmingham

Septemba 8, 2018, katika ukumbi wa Arena Birmingham, Mwakinyo alipanda ulingoni kupambana na Sam Eggington. Pambano kuu la usiku huo lilikuwa la Amir Khan dhidi ya Samuel Vargas, na hili la Mwakinyo lilikuwa miongoni mwa yale ya utangulizi.

Eggington alikuwa nyumbani kwake. Alikuwa amewahi kuwa bingwa wa Uingereza, wa Jumuiya ya Madola na wa Ulaya katika uzito wa welter, na sasa alikuwa akijijenga katika uzito wa juu kidogo wa super welter, usiozidi kilo 69.85. Katika mpango wa kawaida wa mapambano ya aina hii, mgeni kutoka Afrika huletwa ili mwenyeji apate ushindi na kuendelea na safari yake. Wengi wa waliokuwamo ukumbini hawakuwa wamewahi kulisikia jina la Mwakinyo.

Mpango huo uliharibika mapema. Katika raundi ya pili Mtanzania huyo, aliyekuwa na miaka 23, alimpata mwenyeji kwa makonde mazito, akamfuata hadi kwenye kamba na kumshambulia mfululizo bila kumpa nafasi ya kujipanga. Mwamuzi akaingia kati na kusimamisha pambano. Mwakinyo alikuwa ameshinda kwa TKO.

Matokeo yake yalionekana siku chache baadaye. Mtandao wa BoxRec, unaotunza rekodi za mabondia duniani, ulimpandisha hadi nafasi ya 16 duniani katika uzito wake na kumweka wa kwanza Afrika. Nchini mwake, kijana ambaye wiki moja kabla alifahamika zaidi Tanga, sasa alijulikana hadi vijiji vya mpakani.

Faida ya usiku ule ilikuwa kubwa, na mzigo wake nao ulikuwa mkubwa. Tangu siku hiyo kila pambano la Mwakinyo lilipimwa kwa kipimo cha Birmingham. Akishinda kwa pointi, aliulizwa kwa nini hakumwangusha mpinzani. Mpinzani asipokuwa na jina, aliulizwa kwa nini amemkubali.

Miaka ya mikanda

Baada ya Birmingham, njia ilimrudisha Afrika Mashariki. Machi 23, 2019 alipigana katika Jumba la Mikutano la KICC jijini Nairobi na Sergio Gonzalez wa Argentina, akashinda kwa TKO katika raundi ya tano. Usiku huo huo Mkenya Fatuma Zarika alitetea mkanda wake wa dunia wa WBC dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia, hivyo Mwakinyo alionekana na mashabiki wengi wa nchi jirani.

Novemba 29, 2019 alikutana na Arnel Tinampay wa Ufilipino katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam. Hili ndilo pambano lililozua mjadala kuliko mengine yote aliyocheza nyumbani. Tinampay hakutetereka kwa makonde yaliyowaangusha wengine. Alisonga mbele raundi baada ya raundi, na Mwakinyo akalazimika kupigana hadi kengele ya mwisho. Majaji walimpa Mtanzania ushindi wa pointi, lakini baadhi ya mashabiki waliondoka uwanjani wakiamini Mfilipino ndiye aliyestahili. Katika kitabu cha rekodi huo ni ushindi kama ushindi mwingine, na mabishano ya mashabiki hayana safu yake humo.

Novemba 13, 2020, katika ukumbi wa Next Door Arena jijini Dar es Salaam, alimsimamisha Jose Carlos Paz wa Argentina katika raundi ya nne na kutwaa mkanda wa mabara wa WBF. Mei 28, 2021, katika ukumbi huo huo, alimshinda Antonio Mayala wa Angola kwa pointi na kuchukua mkanda wa Afrika wa ABU.

Septemba 3, 2021 alitetea mkanda huo mbele ya Julius Indongo wa Namibia, akamshinda kwa TKO katika raundi ya nne. Indongo ndiye mpinzani mwenye jina kubwa zaidi aliyepata kupigana na Mwakinyo katika ardhi ya Tanzania. Desemba 2016 Mnamibia huyo alimwangusha Eduard Troyanovsky jijini Moscow katika raundi ya kwanza na kuchukua mkanda wa IBF wa uzito wa light welter. Aprili 2017 alimshinda Ricky Burns mjini Glasgow na kuongeza ule wa WBA. Agosti mwaka huo alipigwa na Terence Crawford katika pambano lililoikutanisha mikanda yote mikubwa ya uzito huo.

Hapa pia msomaji wa rekodi anatakiwa kuwa mwangalifu. Indongo aliyekuja Dar es Salaam mwaka 2021 alikuwa na miaka 38 na alikuwa amepanda uzito. Jina lilikuwa lile lile, lakini mwili haukuwa ule wa Moscow. Ushindi wa Mwakinyo ulikuwa halali na wa kuvutia. Haukumaanisha kwamba alikuwa amemshinda bingwa wa dunia aliye katika ubora wake.

Liverpool

Mwaka mmoja kamili baadaye, Septemba 3, 2022, Mwakinyo alirudi Uingereza. Safari hii mpinzani alikuwa Liam Smith, bingwa wa zamani wa dunia wa WBO katika uzito wa super welter, na ulingo ulikuwa M&S Bank Arena, Liverpool, mji wa kwao Smith. Mtanzania alikwenda na rekodi ya ushindi mara 20 na kushindwa mara mbili.

Kwa wanaofuatilia masumbwi kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, ukumbi huo haukuwa mgeni. Machi 30, 2013, ulipokuwa bado unaitwa Echo Arena, Isaac Chilemba wa Malawi, nchi iliyo ng'ambo ya Mto Songwe kutoka Kyela, alipigana humo na Tony Bellew, naye mtoto wa Liverpool, na kutoka sare. Chilemba aliendelea hadi kupata nafasi ya kuwania mikanda ya dunia ya Sergey Kovalev mjini Yekaterinburg, Urusi, Julai 11, 2016. Alipoteza kwa pointi, lakini alimaliza raundi zote 12.

Mwakinyo hakufika mbali hivyo. Pambano lilisimamishwa katika raundi ya nne na Smith akatangazwa mshindi. Mtanzania alieleza kuwa aliumia kifundo cha mguu na kwamba mzigo wake ulipotea safarini, hivyo akalazimika kutumia viatu visivyo vyake. Nyumbani maelezo hayo yaliwagawa mashabiki. Wapo waliomwonea huruma, na wapo waliosema bondia wa daraja lake hatakiwi kupanda ulingoni bila vifaa sahihi. Maneno makali ya mitaani na ya mitandaoni yalimfuata kwa miezi kadhaa.

Yaliyotokea baadaye yanasaidia kulipima pambano hilo. Januari 21, 2023, mjini Manchester, Liam Smith huyo huyo alimshinda Chris Eubank Jr. katika raundi ya nne, matokeo yaliyowashangaza wengi Uingereza. Ingawa Eubank alilipa kisasi Septemba mwaka huo, ilikuwa wazi kwamba mtu aliyemshinda Mwakinyo hakuwa bondia aliyekwisha. Kushindwa kwa mtu wa namna hiyo, nyumbani kwake, si jambo la kumfutia bondia heshima. Lakini halikubadilisha ukweli kwamba nafasi ya kupanda ngazi ilikuwa imepotea.

Kurejea, kufungiwa na Zanzibar

Mwakinyo alirejea ulingoni Aprili 2023, Dar es Salaam, na kumshinda Kuvesa Katembo, bondia mwenye makazi Afrika Kusini, kwa pointi. Ilionekana kama mwanzo mpya. Hata hivyo, miezi mitano baadaye, Septemba 29, 2023, alitarajiwa kupigana tena jijini humo na hakupanda ulingoni. Upande wake ulidai makubaliano ya mkataba hayakutimizwa. TPBRC haikuridhika, na Oktoba ikatangaza kumfungia kwa mwaka mmoja.

Mgogoro huo uliweka wazi jambo ambalo mashabiki hawalioni wanapokata tiketi. Bondia wa kulipwa hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Kipato chake kinatokana na pambano, na pambano linatokana na mkataba. Mkataba ukivunjika bondia hupoteza malipo, waandaaji hupoteza fedha za matangazo na ukumbi, na mshabiki hubaki na tiketi isiyo na thamani. Bondia akifungiwa, kinachokwenda ni mwaka mzima wa mwili wake, na miaka ya mwili wa bondia huhesabika.

Alipanda tena ulingoni Januari 27, 2024 visiwani Zanzibar, ambako michezo ina mamlaka zake kwa kuwa si jambo la Muungano. Huko alimshinda Elvis Ahorgah wa Ghana kwa TKO katika raundi ya saba na kutwaa mkanda wa WBO Afrika wa uzito wa kati, usiozidi kilo 72.57. Pambano hilo lilikuwa na uzito wake wa kihistoria, kwa kuwa ngumi zilikuwa zimerejea Zanzibar mwaka 2023 tu, baada ya kupigwa marufuku tangu miaka ya 1960.

Jinsi ya kusoma rekodi

Kwa msomaji anayetaka kumpima Mwakinyo, au bondia mwingine yeyote, yapo mambo manne ya kuangalia zaidi ya tarakimu.

La kwanza ni mpinzani. Ushindi mara 10 dhidi ya mabondia wanaopoteza kila mara hauwezi kulinganishwa na ushindi mmoja dhidi ya bingwa wa zamani wa Ulaya. La pili ni mahali. Kushinda Birmingham mbele ya mashabiki wa mwenyeji ni kazi ngumu kuliko kushinda kwa pointi Uwanja wa Uhuru.

La tatu ni wakati. Umri wa mpinzani, uzito aliozoea na muda aliokaa bila kupigana huweza kumfanya bingwa wa jana kuwa mtu wa kawaida leo. La nne ni mkanda wenyewe. Vyombo vinavyotambulika zaidi kwa mikanda ya dunia ni vinne, yaani WBA, WBC, IBF na WBO. Mikanda ya bara na ya mabara, kama ile ya ABU na WBO Afrika, ni ngazi za kupandia kuelekea huko. Mikanda ya vyombo vingine ina heshima yake, lakini haimfanyi mwenye nayo kuwa bingwa anayetambuliwa na dunia nzima.

Kwa vipimo hivyo, miaka tisa ya Mwakinyo ina ushindi mmoja mkubwa sana ugenini, ushindi kadhaa mzuri nyumbani, mmoja uliojadiliwa na kushindwa kumoja kulikouma. Huyu si mwoga aliyechorwa baada ya Liverpool, wala si bingwa wa dunia aliyetangazwa na mashabiki baada ya Birmingham. Ni bondia wa daraja la juu Afrika aliyebisha mlango wa dunia mara mbili, ukafunguka mara moja.

Somo kwa vijana wa Kyela

Kijana wa Kyela anayetamani kufuata njia hiyo yuko mbali zaidi na ulingo mkubwa kuliko alivyokuwa kijana wa Tanga. Kutoka mpakani Kasumulu hadi Dar es Salaam, kupitia Tukuyu na Mbeya, ni safari ya zaidi ya kilomita 900, na mapambano mengi makubwa hufanyika Dar es Salaam. Ng'ambo ya Songwe, Chilemba naye alilazimika kuhamishia maisha yake ya ngumi Afrika Kusini kabla dunia haijamjua.

Umbali huo una hatari yake. Bondia chipukizi anayetoka mbali hupokea kwa urahisi pambano lolote analopewa, hata la kupanda uzito ghafla au la kukutana na mpinzani aliyemzidi mno uzoefu, kwa sababu tu nauli imelipwa. Kila kipigo cha namna hiyo huandikwa katika rekodi na hakifutiki. Kibaya zaidi, huandikwa pia kichwani, kwa maana halisi ya neno hilo, kwani makonde ya kichwa huacha madhara ambayo huonekana miaka mingi baada ya kustaafu.

Kwa hiyo leseni, vipimo vya afya na mkataba ulioandikwa na kueleweka kabla ya safari si urasimu wa kumchelewesha kijana. Ni kinga yake. Mwakinyo mwenye jina, mikanda na watu wa kumshauri alijikuta Liverpool bila viatu vyake na Dar es Salaam katika mgogoro wa mkataba. Asiye na jina akikumbwa na hayo, hana gazeti litakaloandika upande wake.

Rekodi ya Mwakinyo itaendelea kubishaniwa vijiweni, kuanzia barabara za Tanga hadi ufukwe wa Matema. Mabishano hayo yatakuwa na maana zaidi iwapo wanaobishana wataacha kuhesabu ushindi peke yake na kuanza kuuliza maswali yale matatu: nani, wapi, na katika hali gani.